Bega la Nyumba ya Gervasi

Gervasi alikuwa na mdomo, jamani! Pale kilimani kwao, Kibimba, mkutano ukimkosa yeye watu walikuwa wanarudi nyumbani mapema wakidhani umeahirishwa. Siku afisa wa wilaya alipokuja kueleza bima ya afya kwa wote, Gervasi alivaa koti lake la Pasaka saa mbili asubuhi, na mkutano wenyewe ulikuwa wa saa nane.

"Nisikilizeni," alisema, akisimama kabla hajapewa nafasi. "Mimi nikiumwa naenda hospitali ya kulipia kule mjini. Nafika, naitwa mzee, napewa kiti chenye mto, dawa ipo. Zahanati ya serikali je? Unapanga foleni tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa dawa imekwisha, kanunue nje. Sasa mnataka tuchange wote tukanunue foleni?"

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi, maana foleni hiyo waliijua. Gervasi akavimba kichwa.

Jambo moja tu hakuligusa. Kwenye zahanati hiyo hiyo, ng'ambo ya bonde, nesi alikuwa binti yake wa pekee, Clarisse. Aliuza ng'ombe wawili kumsomesha, hospitali ya kulipia ikamwita kazini, na binti akaenda kuomba kazi serikalini! Tangu siku ile, mwaka na miezi minne, Gervasi hakumsemesha. Hata jina la Baba Clarisse alilikataza, aitwe Mzee Gervasi. Alimkumbuka binti yake mpaka chakula kikawa hakipandi, lakini alishasema, na Gervasi akishasema hajui pa kurudia.

"Mzee wangu," afisa alimjibu kwa upole, mama wa makamo mwenye miwani, "hii bima ni kama ngobyi yenu. Unambeba mwenzako leo, kesho unabebwa."

Ngobyi ni machela ya kusukwa yenye miti ya kubebea, na kilima kile kilikuwa na yake. Mgonjwa analazwa ndani, wanne wanambeba mabegani, wanne wengine wanafuata ili wapokezane. Filimbi ikilia, kila nyumba inatoa bega moja. Nyumba isiyotoa bega haibebwi, na kwa hilo hakuna cha mjomba wala shangazi. Gervasi alijitoa mwaka uliopita aliponunua pikipiki. Filimbi ikilia siku hizi, alikuwa anafunga mlango na kuongeza sauti ya redio.

"Ngobyi!" alisema. "Mmewahi kuwaona wanavyotembea? Frednand na wenzake? Ngoja niwaonyeshe!"

Akaweka mti wa hewa begani, akakunja magoti, akaanza kuyumba mbele ya mkutano, hivi, hivi, kama bata aliyeshiba. Mara mgongo ukalia, ka! Akabaki pale pale, ameinama, mkono mmoja juu.

Mungu wangu, watu walivyocheka! "Huyo ni Frednand mtupu!" Frednand mwenyewe, kiongozi wa ngobyi, alikuwa anafuta machozi. Kadiri Gervasi alivyokaa vile ndivyo walivyozidi kumshangilia. Mke wake, Domisiana, ndiye pekee aliyeinuka.

"Mume wangu amenyamaza dakika nzima," alisema. "Huyu anaumwa."

Kicheko kikakatika. Walimlaza ubavu kwenye nyasi. Pikipiki hakuweza kuikalia. Domisiana akapiga simu hospitali ya kulipia, na sauti tamu ikajibu: "Pole sana, mama. Gari letu haliwezi kushuka kwenye tope hilo. Mleteni mpaka lami." Lami ilikuwa mwendo wa saa tatu. Zahanati ilikuwa nusu saa.

Wakaileta ngobyi, wakaiweka kando yake. Pale chini Gervasi aliona viatu vya watu tu, na woga ukamshika kweli kweli. Alijua kinachofuata. Kabla mgonjwa hajainuliwa, kiongozi huita nyumba.

"Nyumba ya Niyonzima!"

"Ipo!"

Frednand aliita moja moja. Gervasi akafumba macho. Wangemwacha, na wangekuwa na haki. Yeye mwenyewe angemwacha mtu kama yeye.

"Nyumba ya Gervasi!"

Frednand akatazama ng'ambo ya bonde. Kisha akajijibu mwenyewe: "Ipo. Tangu mwenyewe ajitoe, haijakosa."

"Nani ametoa bega?" Gervasi aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Clarisse. Filimbi ikilia, hata akiwa zamu anaomba ruhusa, anavuka bonde mbio. Tulimwambia mwanamke habebi ngobyi. Akatuuliza, sheria yenu inataka bega au ndevu? Tukampa nafasi. Alituomba tusikwambie, eti utakuja na maneno."

Gervasi alimtazama mkewe. Domisiana akatazama mawingu.

Wakamwinua, wakashuka bondeni, Domisiana nyuma yao. Sasa, mgonjwa wa ngobyi haruhusiwi kusema. Wazee waliamini akisema anaongeza uzito, na wabebaji wa leo nao wanalishika hilo sana, hasa mgonjwa akiwa Gervasi. Kwa hiyo mjadala wa bima ukaendelea bila yeye, juu ya kichwa chake.

"Mzee ana hoja," alisema Niyonzima, kijana aliyekuwa mbele kushoto. "Zamani kule nilikokuwa nikiishi, nilimpeleka mtoto zahanati, dawa hakuna. Nikazunguka na cheti mkononi kama mwendawazimu."

Gervasi akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Basi tuchange dawa ziwepo!" akajibu wa nyuma.

"Tukichanga na zisipokuwepo?"

"Na hao wa kulipia, leo wako wapi? Wanatusubiri kwenye lami!"

Shida ni kwamba mtu akibeba hawezi kurusha mikono, na hoja bila mikono ni hoja gani? Kila aliyetaka kujibu aliomba apokewe kwanza. Wakapokezana mara kumi na moja kabla ya kufika mtoni, na Gervasi, majibu matamu yamemjaa kooni, akayumbishwa kulia na kushoto mpaka akaanza kucheka. Alicheka huku akilia kwa maumivu, akawaambukiza, na Frednand akalazimika kuwasimamisha wote wapumue.

Zahanati ilikuwa na foleni. Ile ile aliyoisimulia! Akina mama kwenye benchi walipoona ngobyi walisogea wenyewe, wakafungua njia, wakisema "Pole, mzee, pole." Hakuna aliyenung'unika, na Gervasi akaona aibu mpaka masikioni.

Clarisse akatoka na daftari la wagonjwa.  Alipoona ni nani, akapiga goti pale pale mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema Gervasi.

Basi. Neno la kwanza baada ya mwaka na miezi minne, na halikumuua.

Clarisse alishika kalamu. "Jina la mgonjwa?" aliuliza, kama anavyouliza watu wote.

Gervasi, bingwa wa maneno, aliinua macho. Pale gauni jeupe liliposogea, aliona begani mwa binti alama nyeusi ya mti wa ngobyi.

"Andika Baba Clarisse," alisema.

Benchi zima likapiga vigelegele, na nesi akalia juu ya daftari mpaka wino ukasambaa.

"Dawa ipo?" Gervasi aliuliza baadaye, sindano ikiwa tayari.

"Leo ipo."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, baba. Ndiyo maana nataka mchange wote."

Gervasi akageuka apigwe sindano bila kubisha. Domisiana akaitia akilini tarehe hiyo.

Miezi mitatu baadaye, mgongo umepona, filimbi ililia asubuhi wakati wa taarifa ya habari. Gervasi alizima redio. Clarisse alipofika akihema kutoka bondeni, alimkuta baba yake amekwisha kusimama kwenye mstari, na begani ameweka mto. Mto wa kiti!

"Nyumba ya Gervasi!" aliita Frednand.

"Ipo!" wakajibu wote wawili.

"Rudi kazini, mama," Gervasi alimwambia binti yake, akiingiza bega chini ya mti. "Tunakuletea mgonjwa. Na foleni yenu hiyo, nikifika nitaisema."