Mapaja Mawili ya Kushoto

Niliupima mfupa wa pili wa paja kwa futi ya fundi cherehani, nikarudia. Wa kwanza ulikuwa sentimita arobaini na sita, huu arobaini na moja. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

"Mzee Kajetani, bado tu?" Bakili aliuliza kutoka mlangoni. "Kaburi limeshachimbwa tangu asubuhi, shehe anatungoja. Au unacheza bao na hiyo mifupa?"

"Bado kidogo, ndugu yangu."

Mifupa ililetwa kwangu Songea, ninakowachunguzia polisi mifupa, ndani ya gunia la tumbaku kutoka upande wa Namtumbo, ikisindikizwa na Bakili, shemeji yake Mwamvua, na konstebo Valence. Mgeni aliyekodi shamba la ukoo wao aliifukua akitengeneza kitalu. Kabla polisi hawajafika, ndugu waliiosha kwa heshima, kama aoshwavyo maiti, na udongo ambao ungenisaidia ukaenda na maji. Daimu, mume wa Mwamvua na kaka yake Bakili, alitoweka mwaka tisini na nne, siku aliyokwenda kuonana na wanunuzi binafsi wa tumbaku. Kwa miaka mitatu watu walisema amemkimbia mkewe. Mwamvua alitaka kitu kimoja tu: ampate, amzike.

"Dada Mwamvua," nikamwita, "mumeo aliwahi kuvunjika?"

"Mkono wa kulia. Alianguka kutoka juu ya bani la kukaushia akitundika tumbaku."

Nikachukua mfupa wa mkono, nikaweka kidole cha Mwamvua juu ya uvimbe mgumu mfupa ulipounga. Hakulia. Alikiacha kidole pale.

"Ndiye."

"Nadhani ndiye. Lakini gunia hili lina watu wawili." Nikamwonyesha taya ya pili. "Huyu alikuwa mzee sana. Hana jino, na matundu ya meno yaliziba akiwa hai. Mifupa yake ni mikavu, myepesi. Ya Daimu bado ina mafuta. Huyu alitangulia miaka mingi."

"Ni bibi yetu," Bakili akasema upesi. "Alizikwa pale zamani. Basi tuwachukue wote."

"Kaburi lilikuwa na alama?"

"Alama ya nini? Sisi wa ukoo tunapajua."

Valence aliacha kuegemea ukuta.

"Shemeji," Mwamvua akasema, "nimeolewa pale miaka kumi na moja. Mbona mimi sipajui?"

"Wewe mgeni."

"Na aliyemlaza mume wangu juu ya bibi yenu, naye mgeni?"

Bakili akageukia mlango. Mtu hutaka kuondoka kwa sababu nyingi. Sikutaka kumchagulia moja. Valence akamwonyesha benchi, Bakili akakaa.

"Naweza kukupa mifupa ya Daimu niliyokwisha kuitambua," nikamwambia Mwamvua. "Lakini mbavu sijazitenganisha. Huenda zikasema alikufaje. Huenda zisiseme."

Mwamvua akanisogezea mbavu.

"Asizikwe leo. Zisome zote."

Niliendelea. Ubavu wa kumi wa Daimu ulikuwa na mkato mfupi ukingoni. Mkato wa jembe la juzi huwa mweupe. Wa zamani, wa siku mtu alipokufa, hufanana rangi na mfupa wenyewe. Jua lilikuwa limeshaacha dirisha, na taa ya chumba kile haifai kuamulia rangi. Nikauweka ubavu ule peke yake juu ya karatasi, karibu na kioo cha dirisha, usubiri mwanga wa asubuhi.