Tundu la Hedifoni

Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu Kashindye walipoamua kumnunulia laptopu, walishauriana wao kwa wao. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa watu thelathini na wawili waliomaliza kidato cha nne mwaka mmoja, kwenye sekondari iliyo njia ya Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, na wote walikumbuka jinsi alivyowafundisha historia bila kitabu mkononi. Fikiri, aliyekuwa kiranja wao na sasa ni afisa ugavi Dodoma, ndiye aliyefungua kundi la WhatsApp na kumwingiza mwalimu siku hiyohiyo, ili ashuhudie mwenyewe.

"Mwalimu, shikamoo. Wewe tulia tu, mambo yote tuachie sisi," aliandika.

"Marahaba, wanangu. Mungu awabariki," alijibu mwalimu, akatulia.

Mwalimu Kashindye alikuwa haoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka tisa, kwao Igunga. Simu yake ilimsomea kila kilichoandikwa, na laptopu yake ya zamani ilifanya vivyo hivyo, ila hiyo ilikuwa imezeeka. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo tatu, betri yake haikushika chaji tena, na feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba ilikuwa nzito ya kusema. Akibonyeza kitufe, alisubiri. Wakati mwingine alisubiri hadi akasahau alitaka kuandika nini. Ndiyo maana mitihani yake aliitaja kwa mdomo na mwalimu mwenzake, Minza, akamchapia.

Jioni, akimenya karanga jikoni, aliisikiliza simu ikimsomea kundi. Ndani ya wiki moja mjadala ulikuwa umepamba moto. Kulikuwa na tetesi za toleo jipya la laptopu nyembamba, lililotarajiwa kutoka Novemba. Fikiri alikuwa amelifuatilia kwa makini. Litakuwa jembamba kama daftari la kurasa arobaini, alisema, na skrini yake itang'aa hata ukiwa juani. Mwingine akasema kamera ndiyo itakayoboreshwa. Wa tatu akabisha kuwa hizo ni porojo za wauzaji, toleo la mwaka jana linatosha kabisa. Irambona, aliyekuwa muuguzi Ulyankulu, hakujali skrini wala kamera. Yeye alishikilia betri. Kama kweli kwa prosesa mpya betri inadumu saa ishirini bila umeme, aliandika, basi tusubiri, kwa sababu huku kwetu umeme tunaujua.

Mume wa mwalimu, Dionis, alikuwa amerudi siku hiyo kutoka Ipole kwenye mizinga yake ya nyuki. Alikaa kwenye kigoda akisikiliza na yeye.

"Hawa watu wanagombania skrini?" aliuliza.

"Tangu juzi."

"Skrini ya nani?"

Mwalimu alicheka hadi karanga zikamwagika.

"Sasa waambie," Dionis alisema.

"Nitawaambiaje, baba Ngollo? Watu wananipa zawadi, halafu nianze kuchagua? Wataniona sina shukrani."

Akanyamaza siku ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Siku ya sita Fikiri aliitisha kura. Wengi walikubali kusubiri toleo jipya. Chini ya matokeo mtu mmoja akaweka habari aliyoisoma mahali: ili laptopu iwe nyembamba zaidi, inasemekana tundu la hedifoni limeondolewa. Watu watatumia hedifoni zisizo na waya.

"Safi sana," aliandika Fikiri. "Waya ni mambo ya kizamani."

Simu ilipomaliza kusoma maneno hayo, Mwalimu Kashindye, aliyekuwa akimenya karanga tena, aliacha.

Kesho yake, baada ya vipindi, alimwomba Minza amsindikize mjini, kwenye duka la Anton karibu na soko kuu. Anton alikuwa anauza na kutengeneza kompyuta, na ndiye aliyekuwa anaifufua ile laptopu ya zamani kila ilipogoma.

"Shikamoo, Mwalimu. Imekufa tena?"

"Marahaba. Leo ipo hai. Nataka kushika zako nyembamba, na nataka kusikia hizo hedifoni zisizo na waya."

Anton alimwekea mbili mezani. Mwalimu alizipapasa kingo, akahesabu matundu kwa ukucha, akatafuta vile vinundu viwili vidogo vinavyoonyesha vidole vikae wapi. Kisha Anton akaweka programu ya kusoma skrini kwenye mojawapo na kumvalisha hedifoni zisizo na waya. Mwalimu akaanza kuandika.

Sauti ilichelewa. Haikuchelewa sana, labda muda wa kupepesa jicho, lakini kwake ulikuwa mwingi: kidole kilikuwa kwenye herufi ya tatu, sikio lipo kwenye ya pili. Alilivumilia hilo. Lakini aliponyamaza kidogo kufikiri, halafu akarudi mwanzo wa mstari, alisikia kitu kilichomshangaza.

"Minza, hebu nisomee hapo nilipoandika."

"'Hakuna mtihani kesho,'" Minza alisoma.

"Yenyewe imeniambia 'kuna mtihani kesho.'"

Anton akachukua hedifoni, akasikiliza mwenyewe, akarudia mara tatu. "Zinalala," alisema. "Kukiwa kimya zinajizima ili zitunze chaji. Sauti ikirudi, mwanzo wa neno unapotea. Kwa mtu anayesikiliza muziki si kitu."

"Kwangu mimi ni 'ha' nzima," alisema mwalimu.

Wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Minza alimshika kiwiko, wakavuka barabara, na wauza asali walipowaita hawakusimama. Mwalimu alikuwa anaipanga sentensi kichwani, anaibomoa, anaipanga upya. Alipofika aliketi kitandani, akawasha kinasa sauti cha simu, akazungumza:

"Wanangu, hamjambo. Naomba mnisamehe kwa nitakalosema. Nimefurahi, na nyie mnajua nimefurahi. Lakini hii kompyuta mimi naitumia kwa masikio. Skrini hata ikiwa nyeusi kabisa haininyimi kitu. Tundu la hedifoni ndilo jicho langu. Darasani naweka upande mmoja sikioni, kompyuta inaninong'oneza, na sikio la pili linawasikiliza watoto. Mkiliondoa, mtakuwa mmeninunulia kitu kizuri nisichoweza kukitumia. Kama nimekosea kusema, mnivumilie."

Aliituma kabla hajabadili mawazo.

Kundi lote likawa kimya. Watu thelathini na wawili, hakuna aliyeandika neno. Saa nzima ikapita, simu haikusema chochote, naye akajuta. "Unaona?" alimwambia Dionis. "Nimewaudhi."

Fikiri hakuandika. Alipiga.

"Mwalimu, sisi tulitaka upate kitu cha juu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Kitu cha kisasa kuliko vyote. Hatukutaka ukae na kilichopitwa na wakati, kama hiyo laptopu yako ya zamani."

"Najua, mwanangu. Unakuja lini huku?"

"Jumamosi. Kuna send-off ya dada Urambo, anaolewa."

"Pita nyumbani kabla hujaenda."

Alipita asubuhi, amevaa tayari suti ya sherehe, amebeba kopo la karanga za kukaanga kutoka Dodoma. Aliamkia, akakaribishwa uji. Mwalimu alikuwa ameazima kwa Anton zile hedifoni zisizo na waya na moja ya laptopu nyembamba.

"Vaa," alimwambia, "halafu funga macho."

Fikiri akavaa. Programu ikaanza kusoma kwa mwendo aliouzoea mwalimu, haraka kuliko mtu yeyote anavyoweza kuzungumza.

"Mwalimu, hiki ni Kiswahili?"

"Ni Kiswahili. Ngoja nikipunguzie mwendo kwa ajili yako. Haya, sasa nitaacha kimya kidogo, halafu uniambie unasikia nini."

Akasubiri, akabonyeza.

"'Kuna mtihani kesho,'" alisema Fikiri.

"Fungua macho usome."

Fikiri alisoma. Kisha akavua hedifoni na kuziweka mezani taratibu.

"Nimekuwa natafuta laptopu ya kujinunulia mimi," alisema.

"Hapana, ulitafuta nzuri. Ila hukujua nzuri kwa nani."

Lakini Fikiri alikuwa mtu wa kubishana tangu akiwa kidato cha kwanza, na mwalimu alimpenda kwa hilo. Hakukubali kushindwa moja kwa moja. Alisema kuna kiunganishi kidogo cha kuchomeka pembeni, kinarudisha waya. Mwalimu akamwuliza toleo hilo jipya lina matundu mangapi. Mawili, alijibu Fikiri. Na moja ni la chaji? Ndiyo. Basi kiunganishi kitaning'inia kwenye lililobaki, alisema mwalimu, na siku kikianguka njiani nitakitafuta kwa kupapasa vumbi?

"Sawa," Fikiri alisema. "Lakini betri. Hapo Irambona ana hoja, Mwalimu. Toleo jipya saa ishirini, la mwaka jana saa tisa. Na umeme wa huku..."

Wiki iliyopita umeme ulikuwa umekatika siku mbili mfululizo, na laptopu ya zamani ya mwalimu, isiyoshika chaji, ilikuwa kama jiwe.

"Hapo umenishika," alikiri. "Saa ishirini ningezitamani."

"Kwa hiyo tusubiri?"

"Kusubiri mpaka Novemba kitu ambacho hakuna aliyekishika? Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ni wiki tatu zijazo. Nataka niuandike mwenyewe."

Dionis, aliyekuwa mlangoni akishona kofia yake ya wavu ya kulinia asali, aliingilia bila kugeuka. "Si muulizeni Anton ana nini dukani, badala ya kubishania cha hewani?"

Fikiri akampigia Anton palepale. Kulikuwa na moja ya mwaka jana. Ilikuwa na uzito wa kilo moja na robo, na unene uliozidi kidogo tu ule wa toleo linalokuja. Tundu la hedifoni lilikuwepo. Kuhusu memori, Anton aliwatahadharisha: kwenye hizi nyembamba imegandishwa kwenye bodi, huwezi kuongeza baadaye, kwa hiyo wachukue kubwa mapema au wasahau. Fikiri alimtazama mwalimu, akakumbuka kwamba kumtazama hakusaidii, akauliza kwa sauti:

"Mwalimu, memori kubwa itakusaidia?"

"Hiyo ndiyo inayoifanya ijibu haraka?"

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo."

"Basi chukueni kubwa. Mwingine apewe kamera yangu."

Fikiri aliandika kwenye kundi akiwa bado kwenye kochi la mwalimu. Safari hii kundi halikunyamaza. Watu waliandika kwa kupokezana, simu ikawa haipumziki kusoma: samahani Mwalimu, kwa nini hatukuuliza, mimi nilidhani, hata mimi. Mmoja aliweka vikaragosi sita vya kulia, na simu ikavitaja vyote kimoja kimoja hadi Dionis akaomba ifungwe mdomo. Irambona aliandika la maana: yeye binafsi ataongeza pawabenki ya kuchajia laptopu, kubwa, ili zile saa tisa ziwe kumi na nane. "Hapo nitalala usingizi," alimalizia.

Laptopu ilifika mikononi mwa mwalimu siku ya Jumatano. Anton aliileta mwenyewe kwa pikipiki, akakaa saa mbili kuipanga, na hakukubali chochote zaidi ya chai. Mwalimu aliiweka mapajani. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba alifikiri wamesahau kitu ndani ya boksi. Alichomeka waya, akavaa, akaandika jina lake. Herufi zilimjia zikifuatana na vidole vyake. Aliandika jina la mumewe, akaandika la Ngollo, mtoto wao aliyekuwa bweni Nzega. Akafuta yote, akaandika tena, kwa sababu ya raha tu ya kusikia.

"Inakuwaje?" aliuliza Dionis.

"Acha kwanza," alisema. "Usiniongeleshe."

Jumamosi iliyofuata aliketi barazani, mvua za kwanza zikitishia upande wa Urambo, akaandika mtihani wa majaribio tangu swali la kwanza hadi la kumi na nne. Alikosea hapa na pale, akarudi nyuma, akabadilisha. Hapakuwa na mtu wa kumwambia "rudia Mwalimu, hapo sijakupata." Umeme ulikatika saa nane mchana, na hakujua hadi Dionis alipolalamika kwamba redio imezimika.

Jumatatu Minza aliutoa kwenye printa pale ofisini kwa walimu, akausoma wote amesimama kando ya dirisha. Alitia alama mahali pamoja, nukta iliyosahaulika. Halafu akarudi katikati ya ukurasa wa pili.

"Hili swali la tisa," alisema. "Mpagazi wa msafara anatoka Unyanyembe kwenda Ujiji, eleza mambo matatu ambayo yeye angetaka yabadilike kwenye safari, na utetee kila moja. Umelitoa wapi? Halimo kwenye kitabu chochote."

"Nimelitunga mwenyewe."

"Ni gumu."

"Kwa nini gumu?"

Minza alifikiri. "Kwa sababu tumewazoesha kueleza wenye msafara walitaka nini. Kuhusu mpagazi hatujawahi kuwauliza."

"Watajibu," alisema Mwalimu Kashindye. Kengele ya kipindi cha kwanza ikagongwa. Akachukua fimbo yake nyeupe, akaweka laptopu kwapani kama mtu aliyebeba daftari, akatoka kwenda darasani.