Mchembe Chini ya Ubavu wa Kushoto

Saa moja kasorobo asubuhi, kila siku ya shule, mzee Pantaleo aliketi kwenye kiti cha plastiki getini mwa Shule ya Msingi Bright Nugget, Nyasubi, mjini Kahama, akikagua chakula cha watoto. Mezani mbele yake palikuwa na vitu vitatu: daftari la mistari, kalamu nyekundu, na spoki ya baiskeli iliyonyooshwa vizuri kwa ajili ya kuchomea ndani ya chakula. Kando ya meza palikuwa na ndoo nyeupe ya lita ishirini. Mtoto alifungua hotipoti yake, Pantaleo akatumbukiza spoki, akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akasema, "Mkate, pita." Au alisema, "Ndoo."

Vyakula vilivyoruhusiwa viliandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Wazazi walikuwa wameisaini siku ya kuandikisha watoto bila kuisoma, kama watu wa huku walivyosaini kila karatasi waliyoletewa tangu enzi za pamba. Mkate wa siagi, soseji, keki, chipsi, juisi ya boksi. Orodha ya vilivyokatazwa ilikuwa ndefu zaidi: ugali wa aina yoyote, mlenda, dagaa, mihogo, na kwa herufi kubwa kabisa, michembe. Sababu iliyotolewa ni harufu. Viazi vitamu vikikatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikakakamaa kama magome, halafu vikachemshwa na karanga, vinanukia, hilo halina ubishi. Harufu hiyo ndiyo iliyosomesha mkoa mzima, pamoja na walioibandika karatasi.

Pantaleo hakuokotwa tu barabarani. Alikuwa amekagua watu miaka ishirini na sita kwenye lango la mgodi mmoja wa dhahabu ambao hautatajwa hapa, kwa kuwa una mawakili.

"Kule nilikagua kinachotoka," aliwaambia walimu siku ya kwanza. "Hapa nakagua kinachoingia. Kazi ni ileile, nimegeuza kiti tu."

Katika mwaka wake wa kumi na moja mgodini, mashine ya eksirei iliharibika. Fundi alikuwa Afrika Kusini. Mkuu wa ulinzi akamwambia Pantaleo akaze macho mpaka fundi afike, naye akakaza. Siku ya nne aliona funguo ndani ya mfuko wa mtu, kisha sarafu ndani ya soksi, kisha chai ya maziwa ndani ya tumbo la dereva. Fundi alifika siku ya kumi na mbili, mashine ikapona, lakini macho ya Pantaleo hayakurudi yalikotoka. Zahanati ilimpima, ikaandika kwamba ni mzima, ikampa panado. Kampuni ilitambua mchango wake kwa kumpa koti la mvua.

Siku ya tisa, kabla fundi hajafika, alipita mdogo wake Ignas, akitoka zamu ya chini. Ndani ya tumbo la Ignas, katikati ya tonge la ugali, Pantaleo aliona kijiwe chenye dhahabu, hakizidi punje ya hindi. Akasema, "Ignas, simama kando." Alilisema kwa sauti ileile aliyowasemea wengine, na wiki nzima alijisifu kwa hilo. Ignas alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Tangu hapo, wakikutana kwenye misiba kwao Ushirombo, Ignas hukisalimia kiti kilicho jirani na kaka yake. "Shikamoo, kiti," husema, kisha hupita. Watu wamezoea. Siku hizi wanaopanga viti humwekea Pantaleo kimoja cha ziada.

Sharti lake moja alipochukua kazi ya shule lilikuwa kwamba mjukuu wake, Anisia, asome pale bure. Anisia alikuwa darasa la pili, ana pengo la meno mawili ya mbele na hoja nyingi. Mama yake, Elieth, binti wa Pantaleo, alishinda kwenye makarasha, huko wanakosaga mawe ya dhahabu, akirudi mweupe kwa vumbi kama aliyeanguka kwenye gunia la unga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Fungua."

"Babu, si unaona bila kufungua?"

"Utaratibu ni kufungua."

Anisia akafungua. Mvuke ukapanda, na watoto sita waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakameza mate.

"Michembe," alisema Pantaleo.

"Na karanga. Mama kasema uonje, ana wasiwasi na chumvi."

"Ndoo."

Akaandika jina kwa wino mwekundu. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya tatu, kwa mujibu wa karatasi, mtoto anaondoka shuleni na harudi.

Jumapili, baada ya misa, Pantaleo alikwenda kwa binti yake. Alimkuta anageuza viazi juu ya mkeka.

"Mama Anisia, mfungie mtoto mkate."

"Baba, mkate unakaa tumboni mpaka saa ngapi? Wewe si ndiye unayeona?"

Pantaleo alikuwa mtu mkweli. "Mpaka saa tatu na robo."

"Na michembe?"

"Saa tisa. Ikizidi karanga, saa kumi."

"Haya. Mtoto anatoka saa tisa. Unanishauri nini?"

"Watamtoa, Elieth."

"Watamtoa akina nani? Anayeandika kwenye hilo daftari ni nani, malaika?"

Pantaleo akanywa maji, akaaga.

Wakati huo alikuwa ameshagundua jambo jingine ambalo hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa halikuwa kwenye orodha ya kazi zake. Watoto wengi wa shule ile walikula michembe nyumbani kabla ya kutoka. Walikula harakaharaka nyuma ya mlango, mama akiwafuta mdomo na kuwaambia, "Ukiulizwa, sema umekula mkate." Michembe iliyoliwa hivyo haikusagika. Ilikaa. Pantaleo aliiona kila asubuhi ikipita getini ndani ya sare za kijani, kipande juu ya kipande, ya Jumatatu chini na ya Ijumaa juu, kama matofali. Mwanzoni alidhani ni macho yanazeeka. Kisha gari la mkurugenzi likapita, kioo kimeshushwa, na chini ya ubavu wa kushoto wa Madam Juliana, mwenye shule, akaona mchembe mmoja mzima, una alama za meno ya utoto.

Akainua mkono kusalimia, gari likapita.

Wiki iliyofuata Madam Juliana alisimama mbele ya meza. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye manukato ya kutangulia.

"Mzee, ndoo inajaa lakini harufu madarasani haipungui. Nasikia unaona mpaka ndani."

"Naona, madam."

"Basi na ya tumboni uandike. Nataka orodha kikao cha wazazi cha Jumamosi."

Pantaleo aliandika siku nne. Kati ya watoto mia mbili na kumi na watatu, mia moja na arobaini walikuwa na michembe ndani. Siku ya Ijumaa, saa moja na dakika tano, Anisia aliweka hotipoti juu ya meza, akafungua mwenyewe bila kuambiwa.

Pantaleo aliitazama michembe muda mrefu kuliko kawaida yake. Nyuma ya Anisia foleni ilianza kusukumana. Mlinzi mwenzake akakohoa.

"Babu, itapoa."

Kalamu ilikuwa mkononi. Katika miaka yote hiyo hakijawahi kumpita kitu, na ukweli ni kwamba hakujua namna mtu anavyofanya ili kitu kimpite. Aliwahi kusikia kwamba wengine hutazama pembeni. Alijaribu kutazama pembeni, akaona ndani ya tumbo la mlinzi maandazi matatu. Akarudi mezani.

"Ndoo," alisema, kwa sauti ileile, akaandika jina kwa mara ya tatu.

Anisia hakulia. Alimimina mwenyewe, akagonga hotipoti ukingoni mwa ndoo ili karanga zisibaki, akaiacha juu ya meza.

Kikao kilianza Jumamosi saa nne asubuhi, darasa la tano, wazazi wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Elieth alikuja na vumbi lake, akasimama mlangoni. Pantaleo aliitwa kusoma orodha, akavaa miwani, akasoma majina mia moja na arobaini na idadi ya vipande. Wazazi walitikisa vichwa kila mmoja kwa mtoto wa jirani.

Alipomaliza hakuketi. Alifunua ukurasa mwingine. Ukurasa huo aliuandika asubuhi ileile, wazazi wakiingia getini, na katika maisha yake yote ndiyo karatasi pekee aliyoiandika bila kutumwa. Alikuwa amepiga hesabu kwamba watu wakijua walichobeba, karatasi ya getini itabanduka yenyewe.

"Hao ni watoto," alisema. "Sasa wakubwa."

Akasoma. Mwalimu wa taaluma, Samwel: dagaa wawili na tonge la ugali wa mtama, wa bweni, tangu kidato cha kwanza. Bwana Meshack, mnunuzi wa dhahabu: mlenda, karibu kikombe, umeganda. Afisa wa benki: muhogo wa kuchoma aliokula chini ya shuka. Mama mwenye duka la simu: michembe tisa. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alisema ndiyo maana akiinama husikia kitu kinagonga. Mwingine aliuliza kama inaonekana ukivaa koti.

"Elieth Pantaleo," alisoma mzee, kwa kuwa jina lilifuata. "Chai ya rangi. Ya jana."

Wazazi wakatazama sakafu.

"Baba," alisema Elieth kutoka mlangoni, "mimi sikuja kukaguliwa. Nimefuata hotipoti yangu."

"Madam Juliana," aliendelea Pantaleo, maana ukurasa ulikuwa umebaki mstari mmoja. "Mchembe mmoja, mzima."

Madam Juliana akavua miwani.

"Uko wapi?"

"Chini ya ubavu wa kushoto."

Akapagusa. "Wa mwaka gani?"

"Kwa rangi yake, themanini na nne."

"Themanini na nne," alisema taratibu, na Kisukuma kikamponyoka kwenye matamshi kama mbuzi kwenye kamba. "Nilikuwa darasa la pili, Didia. Kulikuwa na mtoto wa karani wa ushirika, anakuja na mkate, ameufunga kwenye karatasi nyeupe. Mimi mchembe wangu niliulia nyuma ya choo. Nililia nikiula." Akabonyeza ubavu. "Bado una utamu?"

"Siwezi kuona utamu, madam."

Pantaleo alimtazama, akaona mchembe ule ukitikisika, ukageuka upande, ukalainika pembeni kama kitu kilichotiwa maji. Akasubiri. Hata Elieth alisubiri, mkono umeshika fremu ya mlango.

Ndipo Bwana Meshack akanyoosha kidole. Alikuwa mtu wa vikao, anajua mlango wa kila jambo.

"Mwenyekiti, naomba kuchangia. Sheria haiangalii nyuma. Napendekeza tuongeze kifungu: chakula kilicholiwa kabla ya mwanachama kujiunga na shule hii, hakihusiki."

"Naunga mkono," alisema afisa wa benki.

Mikono ikapanda, yote, na ya mama mwenye duka la simu ikapanda miwili. Pantaleo aliona, mikono ilipopanda, vyakula navyo vikipanda kidogo ndani ya matumbo, na iliposhuka vikashuka, vikakaa mahali pake pa siku zote. Mchembe wa Madam Juliana ukakauka tena.

"Na mtoto?" aliuliza Elieth.

"Mara tatu ni mara tatu, mama," alisema Madam Juliana kwa upole wa kweli, kiganja bado kipo ubavuni. "Na aliyeandika ni babu yake mzazi. Hapo hakuna atakayesema kuna uonevu."

"Hakuna," alikubali Elieth. Akapita katikati ya madawati, akaacha vumbi kidogo kwenye kila koti aliloligusa, akachukua hotipoti yake, ambayo Pantaleo alikuwa ameileta pamoja na daftari, akatoka.

Kazi ya Pantaleo haikubadilika. Kifungu kipya kilibandikwa chini ya vile vya zamani, kwa Kiingereza, na wazazi wakasaini. Shule ilitambua mchango wake kwa kumpa koti la mvua, hivyo sasa anayo mawili.

Anisia anasoma shule ya serikali iliyo mbele kidogo, wako themanini na nane darasani. Njia yake inapita palepale getini. Kila asubuhi, saa moja kasoro dakika tano, anapita na sare ya bluu na hotipoti ileile kwapani, haijafungwa vizuri, mvuke unamfuata. Anasimama mbele ya meza, anaunganisha mikono kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, ndoo," anasema.

Kisha anakwenda zake. Pantaleo humfuata kwa macho mpaka anapokata kona kwa fundi pikipiki. Ndani ya tumbo la mtoto kuna michembe aliyokula kifungua kinywa, barazani, mbele za watu, na inasagika vizuri, yote, hakibaki hata kipande.

"Marahaba," husema mzee, ingawa hakusalimiwa yeye. Anachukua spoki, anaifuta.

"Anayefuata."