Kompyuta Iliyopunguziwa Adabu

Siku mbili kabla ya kura ya chama cha njiwa, kompyuta ya Leonard Pym ilimwandikia kwenye runinga, kwa mara ya kumi na nne: NAFASI IMEJAA.

Leonard alikuwa mtu wa Surrey, kusini mwa Uingereza, aliyeoa Barnsley, kaskazini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leonard jembe alilishika miaka ishirini, akifuga njiwa wa mashindano pamoja na wanaume wa huko, na bado walimwita mgeni. Tumaini lake lilikuwa programu ya kukokotoa matokeo ya mbio za njiwa wa wanachama wote arobaini. Ikikubaliwa kwenye kura, naye angekubaliwa. Lakini kile kikompyuta cha vitufe vya mpira, kilichounganishwa na runinga, kilikuwa na kumbukumbu finyu. Kikifika mwanachama wa ishirini na tisa, kinagoma.

Alifuta maelezo yote ya pembeni. Akafupisha majina ya njiwa. Kikafika thelathini na mmoja.

Mkewe, Enid, alivuta kiti akaisoma programu. "We Len, hii nini? 'Habari za jioni, bwana. Kama hutajali, tafadhali andika saa aliyotua njiwa wako. Asante sana. Samahani kwa usumbufu.'"

"Ni adabu."

"Adabu mara sita! Mtu akikosea, mashine ndiyo inaomba radhi!"

"Sasa nimwambieje mtu kwamba kashindwa?"

"Mwambie kashindwa. Huku ndivyo tunavyosema. Futa!"

Adabu ni mali, lakini mali nayo inataka ghala. Leonard akafuta, kila "tafadhali" ikimuuma kama jino. Wanachama wote arobaini wakaenea, na nafasi ikabaki.

Jumamosi, siku ya kura, baada ya mbio, ukumbini mwa chama, aliingiza saa walizotua njiwa wa wanachama wengine wote. Ya mwisho akamwachia mwenyekiti, Seth Oxley, kwa heshima. Oxley, ambaye hakuwahi kumpa Leonard salamu nzima, akaketi mbele ya runinga.

SAA?

Akabonyeza kwa kidole kimoja.

KOSA. RUDIA.

Akarudia. Mashine ikatulia kidogo.

WA AROBAINI.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Leonard alitamani ardhi ipasuke immeze. Akafungua kinywa aombe radhi. Enid, aliyesimama kando yake, akamkanyaga mguu.

Oxley akageuka taratibu. "Pym, hii umeiandika wewe?"

"Mimi."

"Miaka ishirini sijui unasema nini! Nikikuuliza neno moja unanizungusha mpaka chai inapoa. Leo ndiyo nimekuelewa, bwana." Akawatazama wenzake. "Mimi naikubali. Nani anabisha?"

Hakubisha mtu. Oxley akasukuma kwa mguu kiti kilichokuwa kando yake. "Kaa."

Asante zikamjaa Leonard kinywani, na samahani zake, na kama-hutajali zake. Akazimeza zote.

"Haya," akasema, akakaa.