Mawe ya Kalavati

Kitendawili: anakuja na kelele, anatukwangua mgongo, akiondoka tumekuwa mfereji. Umeshindwa? Ni greda la barabara. Limekwangua njia yetu miaka na miaka, mpaka ikawa chini kuliko mashamba, na mvua ikianza maji yote ya mlimani yanajua pa kupita. Mwaka huu hata hilo greda halikuja.

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, jicho la kushoto lilishakufa kwa presha ya macho. La kulia lilikuwa linafifia. Daktari wa macho akampangia kupasuliwa Alhamisi, hospitali ya mjini. Daktari huyo hupita mara moja kwa msimu, kisha huyo, kaenda kwingine.

"Msichelewe, mama," aliniambia. "Kwa ugonjwa huu, kilichopotea hakirudi."

Mtoto wa dada yangu ana pikapu. Alikubali kutupeleka, ila akatoa sharti. "Mama mdogo, yale mashimo yatanivunjia springi. Yazibeni, nitakuja mpaka mlangoni."

Jumatano kijiji kizima kikatoka na majembe. Kokoto hatuna, lakini pale kijito kinapopita chini ya barabara, kandokando ya kalavati, lile bomba la kupitishia maji, kulikuwa na mawe mazuri yaliyopangwa ndani ya waya. Waya ulishaliwa na kutu. Jirani yetu tunayemwita Kipaza, maana akinong'ona wanamsikia ng'ambo, akalipiga jiwe moja teke.

"Haya yamekaa tu kama wakwe! Yabebeni!"

Tukacheka, tukayabeba. Mzee wangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisikiliza mawe yakidondoka mashimoni.

"Mama Watoto, hiyo sasa ni lami!"

"Lami ya macho yako mabovu."

Akacheka mpaka akakohoa.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikamvika shati lake jeupe, nikamshika mkono, tukaenda kumpokea mpwa wangu njiani. Mashimo tuliyoyaziba yalikuwa bado yamezibika, hata jiwe moja halikung'oka. Tulipofika kijitoni nikasimama.

"Mbona husogei?"

Kalavati lilikuwepo, bomba tupu limelala katikati ya maji kama mfupa. Udongo wa huku na wa kule ulikuwa umekwenda. Kumbe yale mawe ndiyo yaliyokuwa yanaushikilia. Ng'ambo, mpwa wangu alisimama kando ya pikapu, mkono kichwani, mwingine unapiga honi.

"Si gari hilo nalisikia? Twende basi."

"Barabara haipo, Baba Watoto."

"Haipo vipi? Jana tumeitengeneza."

Nikamvuta nyuma, asije akakanyaga ukingo.

Kipaza, aliyetufuata na wanaume wa kijiji, akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini apime kina. Yakamfika kifuani, kisha yakamzoa. Wanaume wakamvuta, akatoka akitapika tope, na kwa mara ya kwanza hakuwa na sauti.

"Basi," mzee wangu akasema. "Asife mtu kwa ajili ya jicho."

Tukakaa pale kwenye manyunyu mpaka mpwa wangu akageuza gari.

Maji yalipungua Jumamosi. Kipaza akambeba mzee mgongoni, tukavuka, pikapu ya mpwa wangu ikatufikisha hospitali. Daktari alishaondoka. Muuguzi akammulika jichoni kwa tochi, akammulika tena.

"Mleteni msimu ujao, mama."

"Na jicho litangoja?"

Akazima tochi. "Hapana, mama. Halitangoja."

Mzee alisikia. Akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatangulia kutoka.

Tuliporudi kijitoni, Kipaza akambeba tena, lakini kabla ya kuvuka mzee akaomba ashushwe. Akanyoosha mguu taratibu, akapapasa kwa kidole gumba mahali barabara ilipokatikia, akakuta hewa.

"Kumbe ni shimo kubwa hivi."

"Watu wa barabara watakuja kutengeneza, mzee," Kipaza akasema. "Wameshapiga picha."

"Lini?"

Kipaza akanitazama mimi. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena juu ya mlima. Nikamwambia mume wangu apande mgongoni kwa Kipaza, tuvuke.