Poda Juu ya Bati

Umewahi kuiona rangi ya gari ikibanduka kama ganda la kitunguu, ukajua ni mkono wa nani ulioipuliza, na bado ukasikia mwingine akilaumiwa? Mimi niliona, hapa hapa Suame, mtaa wa magereji, nikiwa nimeshika upawa wa wali na maharage.

Meza yangu ya chakula iko mlangoni mwa karakana ya Masta Badu, mpuliza rangi. Mjukuu wangu Pokuaa alikuwa mwanafunzi wake. Tulikubaliana miaka mitatu, kisha angempa uhuru wake: apige magoti mbele ya mafundi, amwagiwe poda nyeupe kichwani, aombewe, aende akafungue kazi yake. Vinywaji vya sherehe tulishapeleka. Mwaka wa tano ukaingia, Badu bado ananiambia, "Mama, mtoto hajaiva."

Hajaiva. Na wenye teksi walikuwa wakimpita yeye Badu pale mlangoni wakiuliza, "Dada Pokuaa yuko wapi?" Sababu ilikuwa hapo, wala hapakuwa na nyingine.

Maana Pokuaa hakuwa mtu wa haraka. Kutu aliikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, hata kwenye mikunjo ya chini ya mlango, ambako wengine hujaza puti tu wakafunika uozo. Akishaliosha kwa thina, haruhusu mtu kuligusa hata kwa kidole, kwa kuwa jasho na mafuta ya mkono hubaki pale, na rangi haishiki. Ndipo anapuliza praima ya kijivu ya kuzuia kutu. Kule chini, matairi yanakorusha kokoto, anapiga rangi nzito, laini kama mpira, ili jiwe likigonga lisichimbe. Halafu rangi yenyewe, na klia juu yake inayong'aa. Kila tabaka alilisubiri. Nikimtazama nilikuwa nasahau sufuria jikoni.

Sasa Januari moja, Badu akampa uhuru Duah, mpwa wake. Duah huyo alianza kazi baada ya Pokuaa, na Pokuaa ndiye aliyemfundisha kushika msasa. Sherehe ikafanyiwa uani, na teksi ya Bwana Asiamah iko pale pale, milango bati tupu, imetoka kuoshwa kwa thina.

"Masta, tuwasogeze watu kidogo," Pokuaa akasema. "Poda itaangukia bati."

"Poda wanapakwa watoto wachanga, leo itaumiza mlango?" Badu akajibu. Watu wakacheka. "Au ni wivu, dada?"

Wakamwaga kopo baada ya kopo. Ule upepo mkavu wa Januari ukaibeba poda yote ukailaza kwenye milango. Pokuaa akachukua kitambaa na thina aoshe upya. Badu, ameshakunywa, viganja vyeupe kama vya mkandaji unga, akaiwahi bunduki ya rangi.

"Mwenye gari anasubiri. Toka hapo, nikuonyeshe kazi."

Akapuliza yeye mwenyewe, praima mpaka klia. Nilimwona. Mafundi wote walimwona.

Mvua hazijaanza, Asiamah akarudi. Anapakia abiria barabara ya kokoto, na kila kokoto lilikuwa limeondoka na kipande. Penye kipande, kutu imeshatoa kichwa.

"Masta Badu, hii ni rangi au ulinibandikia karatasi?"

Badu hakupepesa hata jicho. "Pole, kaka. Kazi ya huyu binti. Hakuosha bati. Umeona mwenyewe kwa nini uhuru wake sijampa."

Duah akaanza kuzikagua ndala zake. Wale mafundi walioona kila kitu, kila mmoja akapata cha kushika. Nikasimama na upawa wangu, mchuzi unanichuruzika mkononi, nikiwa tayari kwenda kumkoroga nao Badu.

"Kaa, Bibi," Pokuaa akaniambia.

Akaingiza ukucha chini ya rangi, akabandua kipande kikubwa, akakigeuza, akampa Asiamah. Nyuma ya ile praima ya kijivu palikuwa peupe. Asiamah akapasugua kwa kidole gumba, akanusa, akamtazama Badu.

"Poda," akasema.

Badu akacheka kidogo, peke yake. Akamgeukia Pokuaa. "Haya dada, unataka nini sasa? Ugomvi na mimi?"

Miaka yote ile mjukuu wangu alikuwa na jibu moja kwa mtu huyu: ndiyo, Masta. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nataka uhuru wangu," akasema. "Leo, mbele ya hawa hawa. Na poda yake, Masta, ukanimwagie kule nje, mbali na magari ya watu."