Kata ya Msabaha

Mtaani walikuwa na neno moja tu juu ya Msabaha: kazaliwa hivyo. Ukimpa salamu, hukurudishia salamu ile ile. Mtoto wa chuo cha Kurani akimwambia shikamoo, naye humjibu shikamoo, na watoto wakicheka hana habari. Usoni hakutazami. Ngoma ikilia mtaa wa pili, huyo, keshaingia uvunguni na masikio kayaziba, mwanamume mzima mwenye ndevu zake. Lakini mpe miyaa akusukie ukili wa mkeka, utaona ulivyonyooka. Wali na mchuzi lazima vitengwe mbalimbali, na maji hanywi ila kwa kata yake ya kifuu. Tena kuna jambo ambalo dada yake, Mwanamkasi, alijivunia kuliko yote: Msabaha hakujua kusema uongo. Si kwamba hakutaka. Hakujua unasemwaje.

Mwanamkasi alikuwa mjane, naye ndiye aliyemtunza ndugu yake tangu mama yao alipofariki. Majirani walimpa mashauri chungu nzima, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyasikia, akayaacha hapo hapo.

Basi masika ya mwaka ule, zama za Mwingereza, Msabaha akaacha kulala. Akawa anacheka peke yake, naye hakuwa mtu wa kucheka. Ukili ukaanza kwenda upande. Mwanamkasi alipomuuliza kulikoni, akasema kisimani mna mtu, anazungumza naye. Hapo Mwanamkasi akili ikamruka. Mtu asiyejua uongo akikwambia kisimani mna mtu, utamfanya nini? Mwanamkasi alikwenda akachungulia, Mungu amsamehe, hata hodi akapiga. Alijiona mwenyewe chini, na ndoo ya watu iliyokatika kamba. Akarudi nyumbani hajui amcheke nani.

Haikupita muda, wanawake wakaenda kuteka maji asubuhi wakakuta kisima kimefunikwa makuti na Msabaha kasimama mbele yake, hapiti mtu. Eti mwenye kisima hataki kusumbuliwa. Biubwa, jirani yao, mwanamke asiyekubali kuzuiwa na mtu, akamsukuma. Naye akamsukuma. Biubwa akaanguka, mtungi ukavunjika na mkono ukateguka.

Habari zikafika kwa Jumbe Kombo, msimamizi wa mtaa. Hakuwa mtu mbaya, ila alichoka na kesi za watu. Akamwita Mzee Mwishehe, mjomba wao Mwanamkasi, mkubwa wa ukoo, akampa mpaka Ijumaa. Kijana akitulia, yamekwisha. Asipotulia atafungwa kamba, apandishwe lori la polisi, apelekwe nyumba ya wendawazimu huko bara. Na waliokwenda huko, mtaa ule ulikuwa haujamwona aliyerudi.

Mzee Mwishehe kwake jambo lilikuwa jepesi. Ni yule yule pepo aliyezaliwa naye, alisema, sasa kakua. Mwalimu Mbaruku wa chuoni amwandikie kombe. Akilinywa, pepo atalainika. Akilikataa, basi huyo ni pepo anayekataa maneno ya Mungu, na ukoo hauna ubavu wa kumbeba tena. Watu wote wakaliona hilo ni neno la haki. Hata Jumbe akasema atakuja kutazama.

Ijumaa baada ya sala, uani kwa Mwanamkasi hapakuwa na pa kukanyaga. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, akamletea. Msabaha akageuza uso. Wakamsogezea tena, akaisukuma sahani. Watu wakaanza kunong'ona audhubillahi, na Mzee Mwishehe akanyoosha mkono nyuma ya mlango, ilipokuwa kamba.

"Hamna haya nyinyi?" Mwanamkasi alisema. "Lini mlimwona huyu akinywa kwenye sahani?"

Akaitwaa ile kata, akalimimina kombe ndani, akampa. Msabaha akanywa lote, akajifuta mdomo.

Raha aliyoiona Mwanamkasi siku ile haina mfano. Aliwasema, aliwasimanga, akawauliza kama pepo ni kata au ni sahani. Kazaliwa hivyo, ndivyo alivyo, mwacheni! Jumbe akacheka, akasema kesho atapita amuulize kijana mwenyewe kama bado anamsikia huyo mtu wake, kisha watayafunga maneno.

Alasiri, watu walipokwisha kutawanyika, Mwanamkasi alikuwa akisuuza kata. Msabaha akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi:

"Kasema ninywe."

"Nani?"

"Wa kisimani. Kasema ninywe, tuwadanganye."

Mwanamkasi akakaa kitako. Tangu lini Msabaha akajua neno hilo? Alijaribu kupambanua: kata ni yake, kazaliwa na mambo yake, sauti si yake, imekuja juzi. Lakini hiyo sauti nayo ilikuwa ikinywa kwa kata ile ile, na kila alipojaribu kuvitenga vikarudi kuchanganyika. Kilichomshika ni woga. Aliona kamba, akaliona lori. Akasema jambo ambalo hakutegemea kulisema maishani mwake.

"Kesho Jumbe akikuuliza kama unamsikia mtu, sema hapana."

Msabaha akamtazama. Akamtazama usoni hasa, machoni, kwa mara ya kwanza.

"Naye kaniambia hivyo hivyo," alisema.

Asubuhi Jumbe akaja, akauliza. Msabaha akasema hapana. Hapana safi, wala haikutetereka. Mzee Mwishehe akamshukuru Mungu kwa sauti, Jumbe akaaga. Mwanamkasi kapata alichokitaka, na baridi imemwingia moyoni. Kamtii nani, dada yake au yule wa kisimani? Na siku hao wawili wakipingana?

Jumbe alikuwa keshashika njia Mwanamkasi alipomfuata, kanga haijamkaa sawasawa kichwani.

"Rudi, Jumbe. Kasema uongo. Nimemfundisha mimi, na mwingine kamfundisha vile vile."

Jumbe akashangaa. Si wewe jana, alimuuliza, uliyesema kazaliwa hivyo?

"Kazaliwa hivyo, na kwa hilo simtakii dawa. Lakini sasa anaumwa, na mimi nilidhani ni mambo ya kata tu. Mpelekeni kwa mganga yeyote mnayemjua, wa serikali au wa nani. Kamba hafungwi. Nitapanda naye hilo lori mimi."

Msabaha alikuwa ametoka mlangoni, kata yake mkononi. Akamwambia Jumbe shikamoo, na Jumbe akaitikia marahaba, akamwambia Mwanamkasi kamba haitakuwapo. Mwanamkasi akamshika ndugu yake mkono. Kata nayo twende nayo, akasema, maana huko hatakunywa kwa kitu kingine.